Kutafiti Pombe katika Jamii za Watu wa Asili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtafiti anayeandaa pendekezo lake, na pia kwa mwanajamii anayeletewa fomu ya kutia saini na kutaka kujua anaingia wapi. Mifano mingi inatoka Alaska, Kanada na Australia, kwa kuwa huko ndiko mambo haya yamegombewa hadharani kwa muda mrefu.

Kwa nini pombe itengewe maadili yake? Si tabia ya kiafya kama nyingine?

Kwa sababu kabla mtafiti hajafika na dodoso, serikali ilishafika na sheria. Bunge la Marekani lilipiga marufuku pombe kwa wenyeji wa asili mwaka 1832, na marufuku hiyo ya kitaifa iliondolewa mwaka 1953 tu. Kanada nako kulikuwa na sheria iliyowahusu watu wa asili peke yao. Tarehe 8 Aprili 1967, Joseph Drybones alikutwa amelewa katika hoteli ya Old Stope mjini Yellowknife, akatozwa faini ya dola 10. Mzungu aliyelewa hoteli hiyohiyo, usiku huohuo, asingeshtakiwa kwa kifungu kile. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 majaji wakasema kifungu hicho kinakiuka haki ya usawa mbele ya sheria.

Hiyo si historia ya kale. Wapo wazee wanaoikumbuka vizuri. Kwa hiyo unapomuuliza mtu “Je, unakunywa?”, yeye anaweza kumsikia polisi, mmisionari, au ofisa wa ustawi wa jamii aliyekuja kuchukua watoto. Kumuuliza mtu anatumia chumvi kiasi gani hakubebi mzigo huo.

Kila mtu anataja utafiti wa Barrow. Kulitokea nini hasa?

Barrow ni mji wa Wainupiat kwenye ncha ya kaskazini ya Alaska. Tangu 2016 jina lake rasmi ni Utqiaġvik. Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay mwaka 1968, bomba likaanza kuyasafirisha mwaka 1977, na fedha zikaingia katika wilaya ya North Slope kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Pombe nayo ikazidi. Polisi wa huko walikuwa na utaratibu wa kuwashikilia waliolewa kwa usalama wao, na idara ya usalama wa umma ikataka ifanyike tathmini. Swali la awali, basi, lilikuwa dogo na la kikazi: utaratibu huu unasaidia, au tubadilishe?

Kazi ikapewa watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1979 walihoji sampuli ya watu 88, wakaandika ripoti. Januari 1980 matokeo yakatangazwa kwa waandishi wa habari, maelfu ya kilomita kutoka Barrow, wakati uleule ripoti ilipokuwa inawafikia wenye mji. Gazeti la The New York Times likaandika kwamba Wainupiat wako karibu kujiangamiza kwa ulevi baada ya utajiri wa ghafla. Waliokuwa hawanywi kabisa wakajikuta nao wamo ndani ya habari hiyo. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na hapa hata wale wabichi hawakuulizwa. Waliochambua kisa hiki baadaye waliandika kwamba hata kiwango cha kuaminika kwa mikopo ya wilaya hiyo kilishuka.

Mwaka 1989 mmoja wa watafiti wenyewe, Edward Foulks, alichapisha makala ya kujihoji kuhusu jinsi mahusiano yalivyovurugika: nani alikuwa mteja wa utafiti, nani alishauriwa, nani aliachwa nje. Ni nadra mtafiti kufanya hivyo, na ndiyo maana tunakijua kisa hiki kwa undani.

Basi kosa lilikuwa la waandishi wa habari?

Jibu hili watafiti hulipenda, mimi silikubali. Waandishi hawakuingia ofisini kuiba ripoti. Waliitwa.

Na hata kabla ya kuitwa, kulikuwa na tatizo kwenye kipimo. Barrow walitumia dodoso la Michigan la kuchuja ulevi, lililochapishwa mwaka 1971. Lisome taratibu. Linauliza kama umewahi kuhudhuria mkutano wa kikundi cha walioacha pombe: ukijibu ndiyo, unapata alama 5. Umewahi kwenda kwa mtu kuomba msaada kuhusu unywaji wako? Alama 5. Na katika mfumo wake wa awali, alama 5 zinatosha kukuweka kwenye kundi la walevi. Yaani mama aliyeomba msaada miaka kumi iliyopita na hajagusa chupa tangu siku hiyo anahesabiwa sawa na anayelewa leo. Dodoso linauliza “umewahi”, halafu ripoti inasomeka kana kwamba imeuliza “sasa hivi”.

Linauliza pia kama umewahi kukamatwa, hata kwa saa chache, kwa sababu ya ulevi. Sasa kumbuka huu ni mji ambao polisi walikuwa na mpango rasmi wa kuwashikilia waliolewa, na mpango huohuo ndio uliokuwa unafanyiwa tathmini. Swali hilo hapo linapima bidii ya polisi pamoja na unywaji wa mtu, wala huwezi kuvitenganisha.

Kwa hiyo uhalali wa kipimo ni suala la kimaadili. Kamati nyingi za maadili ya utafiti huliona kama jambo la kiufundi na kuliachia idara ya takwimu.

Lakini si kweli kwamba miili yao haihimili pombe?

Hapana. Dai hili lilipata nguvu mwaka 1971, pale utafiti wa Kanada uliposema kwamba pombe hukaa muda mrefu zaidi katika damu ya watu wa asili kuliko ya Wazungu. Mwaka 1976 utafiti mwingine uliofanywa Marekani haukuona tofauti hiyo. Hata ile aina ya jeni inayowafanya watu wengi wa Asia Mashariki wapate wekundu usoni wakinywa ni adimu miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani.

Na kuhusu kiasi cha kunywa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia data za utafiti wa kitaifa wa Marekani wa 2009 hadi 2013, ulikuta takriban asilimia 60 ya wenyeji wa asili hawakunywa kabisa mwezi uliotangulia, wakati kwa Wazungu ni asilimia 43. Unywaji wa kupindukia ulikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili.

Usiruke, hata hivyo, ukasema hakuna tatizo. Vifo vinavyotokana na pombe miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani viko juu kuliko kundi jingine lolote nchini humo. Mambo haya mawili yanakaa pamoja: wengi hawanywi, na wanaokunywa wanaumia zaidi, mara nyingi mbali na hospitali na mbali na huduma ya kuacha pombe. Ripoti inayoonyesha nusu moja tu ya picha hiyo, iwe nusu ya kutia huruma au nusu ya kusifia, ina walakini.

Mshiriki ni mtu mzima na ametia saini. Kwa nini niombe ruhusa kwa mtu mwingine tena?

Kwa sababu saini yake inatosha kwa hatari inayompata yeye. Haiwezi kutosha kwa hatari inayowapata wengine. Watu 88 walikubali kuhojiwa Barrow. Jina lililochafuka ni la maelfu ambao hawakuhojiwa. Maadili ya utafiti tuliyoyazoea, yale ya Azimio la Helsinki la 1964 na Ripoti ya Belmont ya 1979, yalijengwa kumlinda mtu mmoja mmoja. Kundi lilikuja kufikiriwa baadaye.

Leo miongozo ya Kanada ina sura nzima kuhusu utafiti unaowahusu watu wa asili, na inataka jamii ishirikishwe kabla ya kumwendea mtu binafsi. Australia ina miongozo ya baraza lake la utafiti wa tiba ya mwaka 2018, pamoja na kanuni za mwaka 2020 za AIATSIS, taasisi ya nchi hiyo ya masomo ya watu wa asili. Wasan wa Afrika Kusini waliandika kanuni zao wenyewe mwaka 2017. Taifa la Wanavajo lina bodi yake ya kupitia tafiti tangu 1996, na bodi hiyo haikuachi baada ya kukupa kibali: unairudishia rasimu ya makala kabla ya kuipeleka kwenye jarida.

Ruhusa ya jamii, kwa upande mwingine, haifuti haki ya mtu kukataa. Baraza likisema ndiyo na mtu akasema hapana, ni hapana.

Nani anaisemea jamii? Viongozi wanaweza kuwa na lao.

Wanaweza. Baraza linaweza kuwa na wenye maslahi katika leseni ya baa, au likataka utafiti wa kuwaaibisha wapinzani. Ndiyo sababu ya kuuliza zaidi ya mlango mmoja: baraza, kliniki, kikundi cha wanawake, vijana, wazee walioacha pombe. Ukiona wote wanakuelekeza kwa mtu mmoja, pengine ni utaratibu halali. Ukiona watu wanamwogopa mtu huyo, usiendelee mpaka uelewe kwa nini.

Usiwasahau wanaokunywa. Kamati za ushauri hujaa walioacha na wasiowahi kuanza, na mradi ukageuka mahubiri.

Na wanaoishi mijini, ambako hakuna baraza?

Marekani na Kanada, wengi wanaishi mijini. Tafuta kituo cha afya au cha jamii kinachoendeshwa na watu wa asili wenyewe katika mji huo. Kukosekana kwa baraza kusichukuliwe kama njia ya mkato.

Nikificha jina la kijiji, inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Ukiandika “kijiji cha watu 400 katika pwani fulani, kilichofunga duka lake la pombe mwaka fulani”, jirani yeyote anajua ni wapi. Na ndani ya kijiji, “mwanamke mwenye umri wa miaka 52, muuguzi, aliyeacha pombe baada ya ajali” ana jina lake tayari, hata usipoliandika. Badilisha au acha maelezo yasiyobeba hoja.

Upo upande wa pili ambao husahaulika: jamii nyingine zinataka kutajwa, hasa pale kazi nzuri ni yao. Kulificha jina hapo ni kuwanyang’anya sifa. Uliza.

Data ni za nani?

Mataifa ya Kwanza ya Kanada yana kanuni nne zijulikanazo kama OCAP, zilizoanzia mwaka 1998: umiliki, udhibiti, ufikiaji na uhifadhi. Kanuni za CARE, zilizotolewa mwaka 2019, zinapanua wazo hilo kimataifa. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linatoa msingi wa jumla.

Kwa vitendo, andikeni kabla ya kuanza: faili zitakaa kwenye kompyuta ya nani, nani ataomba ruhusa data zikitakiwa kwa swali jingine, na zitafutwa lini. Wahavasupai wa Arizona walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini ni kwa ajili ya kisukari. Sampuli zikatumika pia kutafiti skizofrenia na asili ya uhamaji wa mababu zao. Mwaka 2010 Bodi ya Vyuo Vikuu ya Arizona ilikubali kulipa dola 700,000 kwa wanajamii 41 na kurudisha damu. Wanavajo walikuwa wameshasimamisha tafiti za jeni kwao tangu 2002. Anayeomba mate au damu leo “kwa ajili ya jeni za uraibu” ajue anabisha hodi kwenye nyumba hiyo.

Nikiambiwa jambo ambalo sheria inanilazimisha kuliripoti?

Lifikirie kabla ya mahojiano ya kwanza. Marekani, hati ya usiri inayotolewa kwa tafiti za afya humkinga mtafiti asilazimishwe na mahakama kutoa majina. Lakini wajibu wa kuripoti mtoto aliye hatarini hauishi kwa hati hiyo, na katika baadhi ya majimbo, Wisconsin likiwemo, mjamzito anayeshindwa kujizuia kunywa anaweza kuingizwa kwenye mkondo wa sheria za ulinzi wa mtoto. Kwa jamii ambazo watoto wao walichukuliwa kwa vizazi kadhaa, hilo si tahadhari ya kuandika kwa herufi ndogo ukurasa wa tatu. Litamke kwa mdomo, kwa lugha ya mhojiwa, kabla hajafungua moyo: “Ukiniambia jambo hili na hili, nitalazimika kuliripoti. Jambo hili lingine halitoki hapa.” Na kama huhitaji swali lenyewe, usiliulize.

Mhojiwa akifika amelewa?

Ahirisha, kwa heshima, bila kumfanyia mtihani mbele ya watu. Mpe siku nyingine na uhakikishe anafika nyumbani salama. Hali ya kutetemeka au kuweweseka baada ya kukatiza pombe ni dharura ya hospitali, na timu yako lazima iweze kuitambua.

Nikimlipa, si ataenda kununulia pombe?

Huenda. Maprofesa nao hununua mvinyo kwa mishahara yao, na hatuwalipi kwa vocha. Lipa kiasi kinacholingana na muda wa mtu, kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya ashindwe kukataa, na namna ya kulipa iamuliwe na jamii.

Jamii ikitaka matokeo mabaya yasitoke, si itakuwa kuua sayansi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na usimwamini anayelijibu haraka. Mambo matatu yanachanganywa. La kwanza ni kusahihisha: “Mmekosea, siku hiyo duka lilikuwa limefungwa.” Hilo ni msaada mtupu. La pili ni kuomba muda, ili watu wasisikie kwenye redio kabla ya kuambiwa uso kwa uso, na huduma ziandaliwe. Miezi michache haijawahi kuua sayansi. La tatu ni kuzuia kabisa, na hapo mkataba uliotiwa saini mwanzoni ndio unaoamua. Kama mlikubaliana kwamba maoni yanayopingana yataandikwa ndani ya makala ileile, jamii inapata nafasi ya kusema, na takwimu hazifichwi. Kama mlikubaliana kwamba jamii ina kura ya mwisho, heshimu, au usingetia saini.

Kwa maoni yangu, wanaolia kuhusu kura hiyo huwa hawalalamiki makampuni yanapowawekea sharti kama hilo.

Kuna utafiti wa pombe uliofanyika vizuri?

Upo. Fitzroy Crossing, Australia Magharibi, mwaka 2007: wanawake wa bonde la Fitzroy, June Oscar na Emily Carter wakiwa mbele, walidai vikwazo kwa pombe ya kuondoka nayo dukani. Duka likabaki kuuza bia nyepesi tu ya kubeba. Baada ya hapo ndipo viongozi wenyewe wakauliza swali ambalo mgeni angelichomwa kwa kuliuliza: ni watoto wangapi walidhurika na pombe wakiwa tumboni? Wakawachagua na kuwaalika watafiti. Mradi huo, Lililwan, uliwaangalia watoto waliozaliwa 2002 na 2003. Wenyeji waliandamana na wapimaji na kueleza ridhaa kwa Kikrioli, na kila mtoto akapata mpango wake wa matunzo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalikuwa mazito: watoto 120 kati ya kila 1,000 walikuwa na dalili kamili au nusu za ugonjwa unaompata mtoto kwa pombe aliyokunywa mama akiwa mjamzito. Kama takwimu ni kali, hizi ni kali kuliko nyingi. Lakini zilitangazwa na wenye watoto, zikiwa hoja ya kudai huduma.

Alaska nako, timu ya Gerald Mohatt ya Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks iliwasikiliza wazee waliotaka swali ligeuzwe: wasiokunywa na walioacha wamewezaje? Masimulizi yao yakawa msingi wa mpango wa Qungasvik wa kuwakinga vijana wa Wayup’ik.

Na Barrow ileile ilirudi kwenye majarida. Kati ya 1994 na 1996 wapiga kura walipiga marufuku pombe, wakaiondoa marufuku, wakairudisha. Watafiti wakahesabu ziara za kliniki zinazohusiana na pombe: zilishuka, zikapanda, zikashuka. Makala ilitoka mwaka 1997. Hakuna aliyeitwa jamii ya walevi. Kilichopimwa ni sheria ambayo watu wenyewe waliipigia kura.

Mimi ni mwanafunzi, nina miezi mitatu tu. Nifanye nini?

Usiende kuhoji watu kuhusu unywaji wao. Miezi mitatu haitoshi hata kufahamika kwa jina. Omba data ambazo kliniki au baraza tayari wanazo na hawana mtu wa kuzichambua, kisha uwaachie majedwali.

Au tafiti upande wa kaunta. Whiteclay, Nebraska, ilikuwa na wakazi wasiozidi dazeni hivi na maduka manne yaliyouza mamilioni ya makopo ya bia kwa mwaka, hatua chache kutoka mpaka wa Pine Ridge, ardhi iliyotengewa wenyeji wa asili, ambako pombe ni marufuku. Mwaka 2017 jimbo lilikataa kuongeza muda wa leseni zao, na Mahakama ya Juu ya Nebraska ikaacha uamuzi huo usimame. Idadi ya makopo, majina ya leseni, umbali hadi kituo cha polisi cha kaunti: vyote vilikuwa kwenye kumbukumbu za umma, na kuvisoma hakukuhitaji kumuuliza mtu yeyote wa Pine Ridge amekunywa chupa ngapi.